Mkate wa Juzi

Machi 27

Kwako Kijiko, mdogo wangu,

Nategemea barua hii itakukuta mzima na mikono umenawa, maana siku hizi watu hawaulizani tena habari za asubuhi, wanaulizana kama wamenawa. Sisi huku ni wazima. Magoti ya Mama yanalalamika kama kawaida yake, na yeye anayajibu. Cherehani yangu nzima. Wateja ndio hawapo, hakuna anayeshonesha gauni la harusi iliyoahirishwa mpaka hapo itakapotangazwa. Nashona barakoa. Nimezishona nyingi mpaka nikimwona mtu uso mtupu naona kama katoka bila suruali.

Utashangaa kukuandikia kama watu wa zamani wakati simu ipo. Simu haipo. Kaka aliiogesha. Alirudi kutoka dukani akakusanya kila kitu kilichokuwa kimetoka nje siku hiyo, funguo, sarafu, miwani, mkoba wangu, akavitumbukiza kwenye beseni la maji ya dawa. Simu ilikuwa ndani ya mkoba. Nilipoitoa ilikuwa inang'aa kwa usafi, na tangu hapo haijasema neno. Ya kwake ilipona kwa sababu alikuwa anaongea nayo. Nikitaka kukupigia sharti niiombe, na akinipa anaifungulia sauti yote eti isiniguse sikio, kwa hiyo ukipokea unaongea na nyumba nzima. Ndiyo maana barua hii nimempa dereva wa lori la mizigo, yule mteja wangu wa suruali zinazochanika pale pale kila mwezi. Malori ya mizigo bado yanaruhusiwa kupita.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kaka na Wifi wamehamia hapa kwa Mama. Nyumba yao ya upande wa pili wa mji wameifunga. Walisema ni heri tukae pamoja mpaka balaa lipite, tukasema karibuni. Tulidhani watakuja na masanduku ya nguo. Walikuja na lori la kubebea mchanga. Magunia ya mchele, unga, maharage, madumu ya mafuta, makopo, trei za mayai, katoni za sabuni, na karatasi za chooni zilizopangwa mpaka juu kama ukuta. Nilimwuliza, "Kaka, tunategemea kula, au tunategemea kuharisha?" Hakucheka. Unamjua. Tangu alipostaafu utunza stoo alikuwa kama askari aliyenyang'anywa gwanda, na sasa amerudishiwa.

Akazunguka nyumba akipima kwa macho. Akasimama kwenye mlango wa Mama. Chumba kikavu, hakipigwi na jua, kina kufuli. Akasema, "Hiki hapa ndiyo stoo." Mama alikuwa amekaa kitandani humo humo, anasuka nywele zake. Kaka alisema vile kama vile kitanda kiko kitupu.

Chumba changu wamelala wao. Mama analala kwenye kochi sebuleni, karibu na mlango, pale pale Wifi anapompulizia dawa kila anayeingia. Mimi nalala chini ya meza ya cherehani. Mama hajasema kitu. Ninyi mnadhani Mama akinyamaza ameridhika, mimi najua akinyamaza anapanga.

Na hujasikia kuhusu sheria. Kaka ameturudishia sheria ya bohari lao la kiwandani, kwamba kilichoingia kwanza ndicho kinachotoka kwanza. Hakuna kitu kuruka foleni. Mkate unaingia mlangoni wa moto, harufu yake inatutoa mate, anaupokea, anaufuta, anaupanga nyuma ya mikate iliyotangulia, kisha anatutolea wa juzi. Kesho huu wa moto utakuwa bado zamu yake haijafika. Tunanunua mkate kila siku, mdogo wangu, na kila siku tunakula wa juzi.

Kaka hanisikii mimi, kwake mimi ni mtu wa sindano. Wewe anakusikia, wewe ni mwanamume mwenzake na una kofia ndefu ya mpishi. Mwandikie. Mwambie amrudishie Mama chumba chake. Ni hilo tu ninaloomba.

Dada yako wa cherehani


Aprili 12

Dada, shikamoo,

Natumaini Mama hajambo, na wewe hujambo, na cherehani pia maana nayo ni ndugu yetu. Barua yako ilifika, dereva aliileta ndani ya soksi, kwa sababu ambazo sikumwuliza. Samahani kwa karatasi hii, nyuma yake ni menyu ya Jumapili. Karatasi za ofisini zimefungiwa.

Hoteli haina wageni. Tumebaki mimi na mlinzi, eti tunalinda sufuria zisiondoke. Nazisugua kila siku mpaka ninajiona ndani. Niko salama, nakula vizuri, usiwe na wasiwasi juu yangu hata kidogo.

Nimecheka sana habari ya simu. Lakini Dada, Kaka ana nia njema. Watu wengine wamekuta maduka matupu. Nyumba yenye akiba si nyumba ya kulalamikiwa. Mama ni mvumilivu, na balaa hili halitakaa milele. Nitamwandikia Kaka nikipata nafasi.

Hukuniambia mnapika nini. Niandikie vizuri. Maharage mnayaunga na nini? Vitunguu mnavikaanga mpaka viwe na rangi, au wewe bado unavitoa vikiwa vyeupe kama zamani? Mchele ni ule mrefu au ule mfupi unaoshikana? Niandikie kila kitu, hata ukoko.

Mdogo wako, Kijiko


Aprili 30

Kijiko, marahaba,

Mama anakusalimu. Amenishika mkono nimwandikie kwamba miguu yake imepata nafuu, na sasa nakuandikia mimi kwamba ni uongo.

Kwa kuwa umeuliza, na wewe ndiye mtu wa menyu, basi hii hapa ya kwetu. Asubuhi ni mkate wa juzi, ambao siku hizi umekuwa wa wiki iliyopita maana Kaka amenunua mingi zaidi na foleni imerefuka. Una manyoya ya kijani. Kaka anayakwangua kwa kisu cha kupakia siagi, anapuliza, anasema, "Ni pembeni tu." Mchana ni maharage, na kila harage lina tundu, na kila tundu lina mwenyewe. Ukiyaloweka, fukusi wanaelea juu wakipiga makasia. Wifi anawaengua kwa kijiko huku amegeuza uso. Unga umefanya utando, ukiuchota unanyanyuka wote kama kitambaa, na ndani ya utando mna vifunza vyeupe vinavyojinyonga kwa raha. Mayai, hayo sitaki kuyaeleza sana. Jana Mama alipasua moja juu ya kikaango, likatoka maji ya rangi ya kijivu na harufu iliyomfanya paka wa jirani ahame. Mayai mapya yapo. Nimeyaona kwa macho yangu yakiingia. Yanasubiri zamu yao ya kuwa viza.

Vitunguu nakaanga mpaka viwe na rangi, kwa taarifa yako. Vinaficha mengi.

Nilimwambia, "Kaka, tukila hivi vipya leo, na hivyo vibovu tukavitupa, si tutakuwa tunakula vizuri kila siku?" Akanitazama kwa huruma. "Na hivyo vya zamani vitatoka lini?" Nikasema havitoki, vinatupwa. Akasema, "Kwenye stoo yangu hakijawahi kutupwa kitu." Anajivunia hilo, mdogo wangu. Miaka yote ile kiwandani watu walipokea mipira ya mashine iliyopasuka na gundi iliyoganda kwa sababu mpya ilikuwa bado haijafikiwa.

Lakini hayo nayaweza. Nina meno na nina tumbo lililoshona njaa nyingi. Kilichonitapisha ni kingine. Jumanne alikuja nesi wa mlango wa pili, yule aliyekuwa anamchoma Mama sindano za magoti bila kumdai kitu. Alisimama kule mbali kwa adabu, barakoa imekaa sawasawa, akaomba kipande cha sabuni. Zahanati imeishiwa, na dukani haipo, na sababu ya kutokuwepo dukani Kaka amelalia juu yake. Kaka alimjibu kupitia dirishani, "Tumeishiwa kabisa, dada yangu, hata sisi tunahangaika." Anasema hivyo mkono wake umeegemea katoni ya sabuni. Nesi akasema haidhuru, akauliza magoti ya Mama, akaondoka. Wifi akapuliza dawa pale aliposimama.

Nilimpelekea mche wangu mwenyewe ambao nilikuwa nachorea vitambaa. Umebaki mwembamba kama ulimi. Alishukuru, nami nikaona haya mpaka shingoni.

Mama amepungua. Nimezipunguza sketi zake kiunoni, na nimezipunguza tena. Anasema ni joto. Umemwandikia Kaka?

Dereva namwuliza habari zako, anasema, "Mzima. Ila amekuwa na shingo." Nikamwuliza shingo alikuwa hana? Akasema alikuwa nayo, lakini haikuwa inaonekana hivyo. Una shingo ya nini?

Dada yako


Mei 17

Dada, shikamoo,

Poleni na yote. Dereva apunguze umbea. Shingo ni kwa sababu nimenyoa.

Sijaandika kwa Kaka bado. Kwa kweli yeye ndiye aliyenipigia wiki jana kwa simu ya mlinzi. Tuliongea vizuri sana. Aliniuliza hali, akasema ananiandalia kifurushi, unga na vitu vingine, atampa dereva. Hakulazimika kufanya hivyo. Kwa hiyo nimeona si wakati mzuri wa kumpelekea maneno. Mtu anakupa kwa mkono wa kulia, huwezi kumpiga kofi kwa barua.

Mwambie Mama ale. Mwambie akipata mkate, hata wa juzi, auchome pande zote mbili kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, asiugeuze haraka. Utoe harufu kwanza, ile ya karibu kuungua. Kisha chumvi kidogo juu ukiwa bado wa moto. Ukiutafuna unasikika. Nimeota huo mkate, unajua? Mtu huota jamaa zake, mimi nimeota mkate.

Hapa kuna utulivu. Hapana habari.

Kijiko


Juni 4

Kijiko,

Salamu zenyewe leo ni fupi, nisamehe, na nina hasira ya kutosha kushona turubai.

Mama anakohoa. Hana homa, nimempima kwa mkono na nesi amempima kwa kipimo chake, akamsikiliza kifua hapo nje. Akasema ni dawa ya kupuliza na vumbi la unga, atoke pale mlangoni arudi kwenye chumba cha hewa safi. Mama mwenyewe akasema, "Kifua changu hakina neno. Ni nyinyi mnanipuliza kama mende."

Sasa sikia Kaka alivyoelewa neno "atoke". Amemtoa. Amempeleka kibarazani nyuma, kwenye ile nafasi ya kufulia, kati ya karo na pipa la taka. Amemtandikia maboksi. Anasema ni tahadhari, hata wakubwa wanatengwa. Chakula anamsukumia kwa fimbo ya ufagio. Sahani inakuja inakwaruza sakafu, Mama anaitazama inavyokuja, na Kaka yuko kule mwisho wa ufagio amejifunga barakoa mbili, anasema, "Pokea, Mama."

Kijiko, mama yetu. Kwa ufagio.

Nimehamia huko nyuma naye. Nilimwambia Mama nitafanya fujo, nitavunja kufuli. Akasema, "Ngoja." Namwuliza tunangoja nini? Akasema tunamngoja mdogo wangu, labda ataandika. Ndiyo hivyo. Mama anakungoja wewe, na mimi nakungoja wewe, na pipa la taka liko upande wa kichwa chake.

Na sasa habari ya kifurushi, sikiliza kwa makini. Nilimwona Kaka akikifunga. Alifungua chumba, akapita magunia mapya yote, akaenda mpaka ukutani kwenye lile gunia la kwanza kabisa, ambalo hata sisi hatuli tena kwa kuwa panya walizalia ndani. Akachota kutoka hapo. Nikamwambia, "Kaka, huyo ni mpishi, na ni ndugu yako." Akasema, "Zamu yake ni hiyo." Unga umekuwa na rangi ya majivu, una vinyesi vyeusi vya panya kama mbegu, na unatembea wenyewe. Barua hii nampa dereva yule yule, safari ile ile, ili uisome kabla hujafungua. Usiule. Usimpe mlinzi. Usimpe hata kuku, tutadaiwa kuku.

Mwandikie Kaka sasa. Usipate nafasi, itafute.

Dada yako


Juni 20

Kwa wote nyumbani,

Shikamoo Mama, shikamoo Kaka, shikamoo Shemeji na Dada.

Kifurushi kimefika salama, na barua pia imefika. Kaka, ahsante sana. Unga ni mzuri, laini. Umetufaa. Mungu akuzidishie.

Mimi mzima.

Kijiko


Julai 6

Kijiko wangu,

Marahaba. Kaa chini kabla ya kusoma. Na ukishakaa, ujue kwamba Mama hajambo, amelala kitandani kwake, na mlango uko wazi.

Barua yako ile uliyoituma kwa wote ilipokelewa na Kaka. Aliipulizia dawa, akaianika kwenye kamba kwa vibanio kama chupi, siku kadhaa, kisha akaipiga pasi pande zote mbili. Ilitufikia imenyooka kama kola. Akaja nayo mpaka pale ufagio unapoishia, akanirushia niisome. Alikuwa na tabasamu, nililiona hata kwa barakoa mbili. Nikasoma. Nilipofika "unga ni mzuri, laini", nikaishusha barua.

Kaka akasema, "Umesikia? Wewe unalia fukusi, fukusi. Mpishi wa hoteli kasema ni mzuri."

Mama alikuwa amelala ameelekea ukutani. Akasema, "Soma tena hapo."

Nikasoma tena. Unga ni mzuri, laini. Umetufaa.

Akakaa. Akaniuliza, "Barua yako aliipata kabla ya kula?"

"Zilienda pamoja, Mama. Na anasema mwenyewe imefika."

Kisha akasema, wala hakumwambia Kaka, aliliambia pipa la taka, "Huyu mtoto alikataa ziwa langu siku nzima kwa sababu nilikuwa nimekula kitunguu kibichi. Huyu alimwaga sufuria ya uji wa wageni kwa ajili ya unywele, na unywele wenyewe ulikuwa wa kwake. Leo ameonyeshwa mavi ya panya kwenye unga, anasema mzuri." Akatafuta kandambili zake kwa miguu. "Mwanangu ana njaa."

Kijiko, nimekaa na maneno yako miezi yote hii, nikayashonea na kuyafumua, vitunguu, ukoko, mkate wa kuchoma, shingo, na sikuona kitu. Nilidhani unajidai mpishi. Mama hajui kusoma na aliona kwa mstari mmoja.

Alisimama. Magoti yalilia, tuliyasikia wote. Kaka akarudi nyuma na ufagio wake, "Mama, umbali, Mama, umbali!" Mama alikuwa anakwenda tu. Wifi alitokea jikoni na chupa ya dawa, Mama akaitoa mkononi mwake kama unavyomnyang'anya mtoto wembe, akaiweka juu ya meza. Akafika mlango wa chumba chake. Akanyoosha mkono.

"Funguo."

Kaka akasema, "Mama, stoo ina utaratibu."

"Nieleze huo utaratibu."

Nawe unamjua Kaka ukimwuliza utaratibu. Alijinyoosha kabisa. "Kilichoingia kwanza ndicho kinachotoka kwanza. Hakuna kuruka foleni, hakuna upendeleo. Ndiyo msingi wa stoo yoyote, Mama. Ukivunja mara moja, umeharibu yote."

"Hakuna upendeleo?"

"Hakuna."

"Mkubwa wala mdogo?"

"Sheria ni sheria, Mama."

"Vizuri," Mama akasema. "Katika watoto wangu, aliyeingia kwanza nyumba hii ni nani?"

Kaka hakuona. Naapa hakuona, alijibu kwa fahari kama mtu anayeitwa kupokea cheti. "Ni mimi, Mama."

"Basi toka."

Kaka alifungua mdomo, barakoa ya ndani ikamwingia. Wifi akauliza kwa sauti ndogo, "Na mimi, Mama?" Mama akamwambia, "Wewe uliingia mwisho, mama, lakini mko gunia moja."

Walifungasha. Wana nyumba yao, hawakwenda kulala njiani, usianze kuwaonea huruma, nakujua. Kaka alitaka kubeba vyote. Mama akamwambia kwamba pesa ulizokuwa unatuma wewe, Kijiko, za matumizi yake ziliingia humo, na za barakoa zangu pia, kwa hiyo nusu inabaki. Wakabishana nusu ipi. Mama akasema hilo nalo sheria imeshalisema, vilivyotangulia vitangulie naye. Akaondoka na lori lile lile la mchanga, amekaa juu ya magunia yake ya kwanza, na nyuma yao unamwagika unga wa majivu barabara nzima, kuku wanaufikia, wananusa, wanaghairi.

Nikaingia chumbani. Ningependa nikwambie tulifurahi. Kijiko, nimeshona sanda na sijawahi kushikwa na kichefuchefu namna ile. Viazi vya chini viligeuka maji, maji yakapita chini ya magunia, yakaingia kwenye godoro la Mama, lile alilotuzalia mimi na wewe. Kaka alikuwa amelifanya tandiko la mchele. Nilipolinyanyua lilibaki na umbo la gunia, na upande wa chini lilikuwa hai. Makopo ya samaki yamevimba kama mashavu ya mpiga tarumbeta. Dumu la mafuta lilipasuka, limelowesha khanga zake alizozikunja chini ya kitanda, na panya wamezitafuna kwa mpango, moja baada ya moja, wao pia wana utaratibu. Harufu ilikuwa nzito ungeweza kuikata kwa mkasi. Na juu ya uchafu wote huo, vimepangwa, safi, vinang'aa, havijaguswa: unga mpya, mchele mpya, sabuni mpya, mayai ya juzi tu. Vyote vinangoja kuoza kwa zamu.

Nilitapika kwenye karo. Mama alinishika kichwa. Kisha akafunga kitambaa puani, akaniambia, "Kamwite nesi. Mwambie alete ndoo, na mkono wa kubebea sabuni." Nesi alikuja, akasimama tena kule mbali kwa adabu yake. Mama akamwambia asogee. Amebeba katoni nzima ya zahanati, na ya kwake mwenyewe. Hakusema kitu kuhusu ile siku ya dirishani. Afadhali angesema.

Mama amelalia mkeka juu ya kitanda mpaka nimshonee godoro, nimeanza kukusanya vipande vya vitambaa. Jioni hiyo mkate ulipoletwa wa moto aliupokea mlangoni, akaukata papo hapo amesimama, siagi ikayeyuka mpaka kwenye kiwiko. Hakuongea mpaka ulipoisha. Kikohozi kinapungua.

Dereva anakuletea kifurushi. Unga nimeuchota Mama akiwa amesimama juu yangu, kutoka gunia la mwisho kuingia. Kuna mafuta, maharage yasiyo na mwenyewe, mayai nimeyafungia kwenye vipande vya pamba, na mkate mmoja ambao utakuwa wa juzi ukikufikia, hilo halina dawa, ni mbali. Uchome pande zote mbili.

Sasa najua kwa nini hukumwandikia Kaka. Sikuulizi. Nakuuliza moja tu, ule unga uliula?

Dada yako


Julai 22

Dada, shikamoo. Shikamoo Mama.

Kifurushi kimefika, na mayai yote mazima, hata moja halikupasuka. Nilikanda siku ile ile. Mlinzi alikaa mbele ya tanuri kama anaangalia mpira. Hatukusubiri upoe, tumeungua ulimi sote wawili na bado tunaongea kama watoto wanaoota meno. Mwambie Mama mkate ulisikika ukitafunwa.

Hoteli haijalipa tangu walipofunga, na stoo ya jiko waliitia kufuli na vyakula vyake. Nimekuandikia hilo, sasa umelijua, tusilirudie. Barabara zikifunguliwa nakuja kulala chini ya meza ya cherehani.

Kaka nimemwandikia. Ni barua fupi, iko ndani ya hii. Atakapoipiga pasi, apige kwa moto mdogo, wino huu si mzuri.

Ule unga wa kwanza niliuchekecha, Dada, tukaula. Mlinzi alishika chekeche nami nikamimina. Kilichobaki juu hatukukitupa, najua Kaka hapendi kitu kitupwe. Nimekitia kwenye kopo la majani ya chai, nimelifunga vizuri, na dereva atalifikisha mlangoni kwake.

Kopo lenyewe ni dogo. Usiniulize kwa nini si kubwa.

Kijiko